Vidole Viwili vya Upindo

Daktari Mushagalusa alichora viduara mia
nyuma ya karatasi ya maabara, kumi kwa kumi,
akavitia wino themanini na vitano.
Hawa, akasema, baada ya miaka kumi wako hai
hata bila dawa ya mshipa.
Akachukua kalamu nyekundu, akajaza vinne.
Hawa ni wa dawa.
Kumi na kimoja akaviacha vyeupe,
hakusema neno juu ya vyeupe.

Nikauliza: hao wanne, wanajijua?
Akavua miwani, akaifuta kwa tai.
Hapana, mama. Hakuna ajuaye.
Unainywesha mishipa yako sumu,
unapona, na hujui kama ni yenyewe iliyokuponya
au ungepona tu, ukipika sombe nyumbani.

Kivimbe kilikuwa punje ya haragwe.
Walikitoa Agosti, na kingo ni safi.
Kingo: neno hilo nalifahamu.
Miaka ishirini na miwili nakata vikwembe Kadutu,
na nguo haichaniki katikati,
huchanika pale fundi alipoubania mshono.

Dada yangu Nabintu analilia nywele.
Nywele! Nina vilemba vya kufunika
soko zima, mpaka Nyamugo.

Ninachoogopa daktari alikitaja mwishoni,
akiwa tayari amesimama:
kwa wengine, ncha za vidole hufa ganzi.
Miezi. Pengine moja kwa moja.

Vidole hivi.
Vinavyotenga waksi halisi na ya kuiga
umeme ukikatika,
vinavyousikia uzi umechoka kabla haujakatika.
Ndivyo vilivyolikuta haragwe lile
Jumapili asubuhi, ndoo nusu, sabuni machoni,
kabla ya mashine ya mtu yeyote.
Vikifa hivi, la pili litakutwa na nani?

Na dawa yenyewe iko ng'ambo.
Mara nne, kila baada ya wiki tatu,
kushuka Ruzizi, foleni, muhuri, basi.
Wenzetu wa upande ule hawataki mifuko ya plastiki.
Basi nitatapikia wapi? Nimeshona mfuko wa turubai.
Nimeushona, naona sasa,
kabla sijaamua chochote.

Mume wangu Cishugi amesema:
mwili ni wako, uamuzi ni wako.
Akaenda kulala.
Nilitaka agombane nami kidogo.

Mashine ya pili itauzwa, ile ya miguu,
na kiwanja cha Mudaka, labda nusu yake.
Nimepiga hesabu pembeni ya gazeti la vipimo,
kifua cha mteja, kiuno cha mteja,
bei ya duara moja jekundu.

Usiku huu nakata sketi ya Akonkwa, ya buluu, ya shule.
Msichana wa miaka kumi na mmoja
humwachii upindo wa kidole kimoja.
Unamwachia viwili, hata vitatu,
kitambaa kilichokunjwa ndani, kisichoonekana na mtu,
ambacho mwaka huu hakina kazi,
na pengine hakitakuwa nayo kamwe:
labda hatarefuka, labda sketi itaibwa kwenye kamba.
Sijawahi kumtoza mzazi pesa ya upindo.
Wala hakuna mzazi aliyewahi kuniambia, kata, ni hasara.

Nitakwenda.
Sijui kama ni mimi mmoja wa wale wanne.
Sitajua, na itabidi nizeeke na kutojua huko,
nikijaliwa kuzeeka.

Umeme umekatika. Naendelea kwa vidole.
Sindano imenichoma kwenye cha shahada,
imeuma sawasawa, kama inavyopaswa.
Nimejichoma tena,
taratibu,
ili nikumbuke.